Fundi Hodi: Maisha ya Kupatanisha Betri na Mashine

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya vifaa vya hospitali anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwa umri wake alikuwa bado na miaka miwili kabla ya kustaafu. Anaondoka mapema kwa uamuzi wake mwenyewe, na kwa kuwa sababu imekuwa ikinong'onwa kwenye korido kwa namna nyingi, ameomba iandikwe hapa waziwazi, bila kupakwa rangi. Ameomba pia wasifu huu usisomeke kama tangazo la msiba. Ombi la kwanza limetimizwa. Kwa la pili tumejitahidi.

Alipoajiriwa, karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, chenye dirisha lisilofunga na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa matofali. Betri zote za hospitali ziliishi pamoja katika ndoo ya plastiki: nene na nyembamba, mpya na zilizokwisha. Muuguzi aliyehitaji betri alizamisha mkono, akajaribu hii, akajaribu ile, na kanuni ilikuwa moja tu: ikiingia, ndiyo yake. Asubuhi yake ya kwanza fundi aliimwaga ndoo mezani, akaanza kuzipima betri kwa mita na kuzigawa kwenye makopo. Mtunza stoo wetu, ambaye hata wakati huo mdomo wake haukuwa na kufuli, alisimama mlangoni akicheka. "Sasa fundi, unazichambua kama mchele? Si zote zinaingia?" Fundi hakuinua kichwa. "Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha mke wangu, bwana. Niulize nitafika wapi." Kuanzia siku hiyo wawili hao hawakuachana, kila mmoja alikuwa amepata mtu wa kumtania.

Jina la Fundi Hodi alipewa na wauguzi. Aliitwa kwenye kikao chao cha asubuhi awaeleze volti ni nini, kwa kuwa vipima joto na mashine za presha zilikuwa zikifa ovyo. Badala ya kwenda ubaoni, alitoka nje akafunga mlango. Kwanza alikwaruza mbao kwa ukucha, hakuna aliyesikia. Kisha akabisha kama watu wanavyobisha, na chumba kizima kikaitikia karibu. Mara ya tatu alipiga kwa ngumi, kalenda ikaanguka ukutani na mkunga mmoja akapiga kelele. Ndipo alipoingia, akaokota kalenda, akasema hizo ndizo volti.

Alieleza kwamba volti ni nguvu ambayo betri inabishia hodi kwenye kifaa. Kifaa cha volti tatu kinangoja hodi ya volti tatu. Ukikipa moja na nusu, hakisikii. Kitakaa kimya nanyi mtasema kimekufa, kumbe kiko ndani kinangoja mgeni wa maana. Ukikipa tisa, umevunja mlango, na safari hii mwenyeji amekufa kweli. Ile namba nyingine iliyoandikwa kwenye betri, ya ujazo, haisemi mgeni anabishaje. Inasema anaweza kukaa muda gani kabla hajachoka. Ndiyo maana betri nene ya tochi na ile nyembamba ya rimoti zote ni volti moja na nusu. Hodi yao ni moja. Pumzi ndizo zinazotofautiana. Wauguzi waliokuwa kwenye kikao kile leo wengine wana wajukuu, lakini ukiwauliza volti ni nini, watakugongea meza.

Dereva wetu wa gari la wagonjwa yupo hapa, naye ameruhusu kisa chake kisimuliwe mradi mwaka usitajwe. Gari lilikataa kuwaka. Dereva akaazima betri ya pili, akaiunganisha na ya gari kichwa kwa mkia, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ili nguvu iwe mara mbili. Nguvu ikawa mara mbili kweli: volti ishirini na nne katika gari la volti kumi na mbili. Taa ziling'aa kama jua la mchana, redio ikatamka neno moja, kisha vyote vikanyamaza. Fundi alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kabla ya kuuliza redio ilisema nini. "Ilisema habari, mzee," akajibu dereva kwa unyonge. "Basi ndiyo hiyo habari yenyewe," akasema fundi, akavua koti, akaanza kubadilisha taa. Walipokuwa wakifanya kazi alimfundisha kile ambacho dereva sasa anawafundisha wenzake: ukiunga kichwa kwa mkia, volti hujumlishwa, ukiunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki zilezile na pumzi ndizo zinazoongezeka.

Alikuwa na chuki zake. Alichukia kukuta betri mpya imewekwa pamoja na kuukuu ndani ya kifaa kimoja. Aliita hiyo ndoa ya lazima: mpya inafanya kazi ya wawili, kuukuu inazidi kuugua, na mwisho zinatapika ndani ya mashine. Alichukia pia watu wanaoamini betri iliyopimwa ikiwa imekaa bure. Betri ina unafiki wake, alisema; ikipumzika inakuonyesha volti zote, ipe kazi ndipo uone zinavyoporomoka. Hakuikubali betri yoyote mpaka aipime ikiwa imebeba mzigo.

Hata hivyo, mchango wake mkubwa zaidi kwa hospitali hii ni desturi inayoitwa kusomeana. Betri haiingii kwenye kifaa kwa mkono wa mtu mmoja. Wanasimama wawili. Aliyeshika kifaa anasoma volti zilizoandikwa mgongoni mwa kifaa. Aliyeshika betri anasoma zilizoandikwa kwenye betri. Kila mmoja kwa sauti, na hakuna kuchungulia cha mwenzake. Zikipatana, betri inaingia. Zisipopatana, kazi inasimama hata kama daktari mkuu amesimama mlangoni akipiga mguu sakafuni. Aliyepita karibu na karakana alisikia mle ndani: "Tatu!" "Moja na nusu mara mbili!" "Ingiza!" Mgonjwa mmoja wa wodi ya jirani aliwahi kumuuliza muuguzi kama mafundi wanaruhusiwa kucheza kamari saa za kazi.

Wapo walioiona desturi hiyo ni usumbufu mpaka siku lilipoingia boksi la betri ambazo kwa umbo zilikuwa pacha wa zile za moja na nusu tunazotumia kila siku. Unene uleule, urefu uleule. Ila zilikuwa za volti tatu na nukta sita, na namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kisisimizi. Mkono usingeweza kuzitofautisha. Walipoanza kusomeana, namba zilikataa kupatana, na boksi zima likarudi lilikotoka kabla halijaunguza kifaa hata kimoja. Tangu hapo hakuna aliyelalamika tena kuhusu kelele za karakana.

Mwenzake wa kusomeana kwa miaka mingi amekuwa fundi tunayemwita Dada Mita, kwa sababu mita yake huning'inia shingoni kama mkufu. Alikuja kwetu akiwa mwanafunzi wa mazoezi, hakuondoka tena. Yeye humwita fundi Baba, naye humwita mwanangu, na mgeni angeapa kwamba ni wa damu moja, hasa akisikia wanavyogombania kiti chenye mto.

Miaka ya karibuni fundi alianza kushika upande wa kifaa siku zote. Betri alimwachia Dada Mita. Tuliona ni haki ya mkubwa kuchagua, na namba za betri ni ndogo, basi acha asome mwenye macho mapya. Hakuna aliyejiuliza zaidi. Kumbe fundi alivijua vifaa vyote vya hospitali hii kwa kichwa, kama mtu anavyojua milango ya nyumba aliyozaliwa. Aligeuza mashine, akaiinamia, akatamka namba, na namba ilikuwa sahihi. Hatukujua kwamba alikuwa haioni.

Mkewe, mshonaji wa nguo, amekaa mstari wa mbele leo. Ametueleza kwamba kila jioni, baada ya chai, mumewe alikuwa akimtungia nyuzi kwenye sindano za kesho yake. Siku moja alianza kulalamika kwamba viwanda vya sasa vinatengeneza sindano zenye matundu madogo. "Nilicheka, jamani," alisema shemeji yetu. "Nikamwambia basi tutashonea sindano ya magunia. Na yeye akacheka. Tukacheka wote wawili." Alilisimulia hilo huku akikunja na kukunjua kona ya kitambaa chake, wala hakucheka.

Mwezi Machi mwaka huu wodi ya watoto ilipokea pampu mpya, zile mashine ndogo zinazosukuma dawa ya dripu kwa kipimo. Zilikuwa na rangi ileile na umbo lilelile kama za zamani, hata waya za betri zilikuwa zilezile. Za zamani zilitumia volti kumi na mbili. Mpya zilitumia sita. Betri ya pampu moja mpya ikagoma kushika chaji, ikatolewa asubuhi, na kwa kuwa umeme wa siku hiyo ulikuwa ukikatikakatika, pampu isingeweza kuachwa hivyo: kulikuwa na mtoto aliyeitegemea. Fundi na Dada Mita wakaitwa. Walisomeana kando ya kitanda kama kawaida yao. Fundi akaigeuza pampu, akainama. "Kumi na mbili," akasema. "Kumi na mbili," akaitikia Dada Mita, akisoma betri aliyoishika. "Ingiza."

Ilipowashwa ilitoa mlio kama njiti ya kiberiti, kisha harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani. Dripu ikasimama. Isemwe mapema ili asiwepo mtu wa kukaa roho juu: mtoto hakudhurika. Muuguzi wa zamu aliiendesha dripu kwa mkono, akihesabu matone, mpaka pampu nyingine ilipoletwa kutoka wodi ya pili, na kabla ya wiki kuisha mtoto alikwenda nyumbani na mama yake. Ila mama huyo, wakati moshi ulikuwa bado haujatoka, alimgeukia fundi na kumuuliza, kwa upole tu, "Baba, imekuwaje?"

Fundi aliichukua pampu akaipeleka dirishani, akaisogeza karibu na pua, akaielekeza huku na huku kwenye mwanga. Dada Mita alimfuata akasimama begani kwake, na pale aliposimama namba ilionekana bila shida. "Baba," akasema, "imeandikwa sita." Fundi aliendelea kuigeuza pampu mikononi. "Wapi?" akauliza.

Dada Mita amesema kwamba hajawahi kusikia swali zito kama hilo. Alimshika mkono tu.

Jioni hiyo karakana ilikaa kikao ambacho hakikuitishwa na mtu. Kila mmoja alikuwa na njia ya kumfunika. Mtunza stoo alipendekeza isemwe kwamba betri ndiyo ilikuwa mbovu. "Betri haina mdomo wa kujitetea," alisema, na kwa mara ya kwanza mzaha wake haukupata wa kuucheka. Dada Mita alitaka kusema ni yeye aliyekosea kusoma. Fundi aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akawashukuru mmoja mmoja, kisha akaja ofisini kwangu na pampu iliyoungua chini ya kwapa. Alikataa kukaa mpaka amalize. "Sikusoma," alisema. "Nilikariri. Tena si leo peke yake." Ndipo akakaa, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai nilichokuwa nimemwekea, na mkono ukapita kando ya kikombe, ukapapasa meza, ukarudi mtupu.

Daktari wetu wa macho alimpima asubuhi iliyofuata. Ni ugonjwa wa presha ya macho, ule usio na maumivu wala kelele, unaomnyang'anya mtu nuru kidogo kidogo huku akidhani taa ndizo zimefifia. Matone anayotumia yanaweza kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Fundi aliuliza swali moja tu: je, kama angekuja mapema? Daktari, ambaye ni rafiki yake, alimwambia ukweli, nao hautaandikwa hapa kwa kuwa nyote mmeshaujua.

Uongozi ulimpa nafasi ya kukaa mapokezi ya karakana mpaka miaka yake miwili itimie, apokee vifaa na kuwaelekeza mafundi kwa maneno. Ilikuwa ofa ya heshima, na ilitolewa kwa moyo mweupe. Aliikataa. Alisema akibaki tutamsomea. Tutamsomea kwa mapenzi, naye atatuacha tumsomee, na taratibu wawili watakuwa mmoja tena, na siku nyingine kitu kitaungua ambapo hakuna muuguzi karibu. Tulijaribu kumbembeleza. Mtunza stoo alimbembeleza kuliko sote, kisha akatoka nje akasimama ukutani muda mrefu akijifanya anatafuta mtandao wa simu.

Haikuwa rahisi kwake, na isidhaniwe ilikuwa rahisi. Mtu huyu aliipenda kazi yake kupita kiasi. Aliwahi kukatisha likizo kwa sababu alisikia mzani wa watoto wachanga umegoma. Alikuwa akitembea na betri mfukoni kama wengine wanavyotembea na peremende, na kwenye sherehe za watu aliwahi kuonekana akifungua kifuniko cha saa ya ukutani ya mwenyeji. Kuiacha kazi hiyo akiwa bado na nguvu za kuifanya, mikono ikiwa bado inajua kila kitu, ni maumivu ambayo hakuyaficha. Amelia mbele yetu zaidi ya mara moja, naye hakuomba radhi kwa hilo.

Kabla hajaondoka aliibadilisha desturi yake mwenyewe. Sasa mafundi wakishasomeana wanabadilishana: wa kifaa anachukua betri, wa betri anachukua kifaa, wanasoma upya, kila mmoja kidole kikiwa chini ya namba anayoisoma. Utaratibu huu umezuia kosa moja tayari, mwezi uliopita, kwenye mashine ya kufyonza makohozi ya chumba cha upasuaji. Dada Mita alipouona umeandikwa ukutani aliusoma mara mbili, kisha akanong'ona kwamba kama ungekuwepo miaka mitatu iliyopita, Baba angegunduliwa mapema. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. "Najua, mwanangu," alisema. "Ndiyo sababu nimeuweka."

Wiki hizi za mwisho amepita wodi zote kuaga mashine. Hilo si neno la kupamba, ndivyo alivyofanya. Alizigusa kwa viganja, akafungua vifuniko, akapitisha kidole kwenye springi zinazoshika betri kuona kama zina kutu. Wagonjwa walidhani ni ukaguzi. Juzi alimkabidhi Dada Mita mita yake mwenyewe, ile aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, ambayo waya zake zimefungwa utepe mara nyingi hata rangi ya asili imesahaulika. Dada Mita aliipokea kwa mikono miwili, machozi yakamdondoka juu ya kioo chake. "Usiilowanishe," fundi akamwambia, "itaanza kupima chumvi." Wakacheka pamoja huku wakiwa wameshikana, na sisi wengine tukapata shughuli za ghafla kwenye vyumba vingine.

Shemeji, asante kwa miaka yote uliyotuazima mumeo. Tunajua kuna jioni nyingi chakula kilipoa kikimngoja kwa sababu yetu. Dada Mita ameomba nikufikishie kwamba nyuzi za sindano zitatungwa kila Jumamosi. Atakuja yeye, na akishindwa atamtuma mtunza stoo, ingawa hatoi ahadi kuhusu matokeo.

Mwisho ni ombi kwenu mliomo ukumbini. Nuru iliyomsalia fundi wetu inamtosha kujua kwamba kuna mtu mbele yake. Haimtoshi kujua ni nani. Wiki hizi wengi mmempungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja, naye akapita, mkadhani amewanunia kwa sababu ya kuondoka. Hakuwaona. Basi leo asipungiwe mkono na yeyote. Piteni mmoja mmoja, mshikeni mkono, mtaje jina na mahali mnapofanyia kazi, wala msiwe na haraka ya kumwachia. Sauti ikikwama, ngojeni itoke. Atasubiri.

Fundi wetu, asante kwa kila mashine iliyoendelea kufanya kazi baada ya wewe kutoka chumbani. Maisha unayoyaanza yawe na utulivu, nyumba yako isikose vicheko, na nuru uliyonayo ikae nawe siku nyingi. Mkono huu ulioushika sasa hivi ni wangu, msimamizi wako. Nimekuja wa kwanza. Wengine wako nyuma yangu, na mstari umefika mpaka nje.